Ndoo Isiyoguswa na Sabuni

Mume wake ndiye aliyempachika jina la Daktari Nusu, na jina likashika mpaka kwa muuza mkaa wa kona. Alikuwa anasomea udaktari, ni kweli, lakini wa wadudu wa mtoni, na alikuwa hajaumaliza. Kwa hiyo nusu. Jirani mmoja aliwahi kumletea mtoto mwenye upele, akaelezwa kwa upole kwamba daktari huyu hatibu watu, na hao wadudu wenyewe pia hawatibu, anawatazama tu. Jirani akaondoka akitikisa kichwa. Miaka yote hiyo ya shule, halafu kutazama?

Basi na sisi tumwite Nusu, maana mwenyewe alishazoea na hakununa.

Kwa asiyejua, chini ya mawe ya kila kijito kuna ulimwengu. Kuna mdudu mmoja mwembamba, kichwa kipana, nyuma ana nyuzi tatu za mkia, na chakula chake ni ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe. Utelezi unaota kwenye mwanga, juu, na huko juu ndiko samaki anakopita. Sasa wewe ungefanyaje? Mdudu huyu ana akili zake. Kwenye kijito kisicho na samaki utamkuta mchana kweupe katapakaa juu ya jiwe na wenzake, wanakwangua utelezi bila wasiwasi. Kwenye kijito chenye samaki, mchana mawe ni matupu. Wote wamejibana chini, wanangoja giza ndipo watoke kula, na kwa sababu wanakula kwa wasiwasi na kwa haraka, wanakua wadogo. Na la ajabu zaidi, hawangoji kumwona samaki. Harufu yake ikiingia kwenye maji, basi, juu ya jiwe hakaliki.

Nusu alitaka kujua hiyo harufu inahitaji kuwa kali kiasi gani, na ikishaondoka, mdudu anachukua muda gani kuamini kwamba kweli imeondoka. Chuo kilimpa chumba cha chini kabisa cha jengo la sayansi, hakina dirisha, na humo akapanga mifereji ya plastiki angavu juu ya meza mbili ndefu, pampu zikizungusha maji mchana na usiku. Mezani kushoto, maji yalipitia kwanza kwenye tangi la kambare, samaki mwenye masharubu na tamaa. Mezani kulia, maji yalikuwa safi, na mawe pia safi, yote yakitoka juu ya poromoko la maji ambako samaki hawezi kupanda. Kushoto wadudu wajifiche, kulia watembee. Jambo rahisi, mtoto angelielewa.

Lakini kulia nako walijificha.

Aliwahesabu mara ngapi, mwenyewe hajui. Anaingia asubuhi, taa zinawaka, anainama juu ya mfereji wa kulia, anaona mawe yamependeza kwa utelezi wala hakuna anayeula. Akabadilisha pampu. Akabadilisha mipira yote ya maji. Akapunguza mwanga, akaongeza mwanga, akavua viatu ili asitikise sakafu, akawa anapita kwa soksi kama mwizi. Wapi! Msimamizi wake, mama mmoja mfupi asiye na muda wa salamu ndefu, alikuja akasimama, akatazama mawe matupu, akauliza lile swali lake ambalo wanafunzi walimbandika kuwa jina: ushahidi uko wapi? Hakuna, akasema Nusu. Msimamizi akamwambia bila ukali kwamba mwisho wa muhula chumba kinachukuliwa na watu wa mabomba, na jopo litataka kuona kitu. Asipokuwa na kitu, hawatamwongezea mwaka mwingine. Walishamwongezea mmoja alipojifungua.

Alipojifungua, ndiyo. Hapo ndipo anapoingia mama mkwe, na hapo ndipo Nusu, hata katikati ya mawazo yote hayo, alipokuwa akikaa ndani ya gari nje ya chuo, anazima injini, na anashukuru. Alikuwa anashukuru kwa sauti, peke yake, anayempita angedhani kachanganyikiwa. Mama yake mzazi alikufa kabla Nusu hajaolewa. Mume alikuwa fundi wa nguzo za umeme, kazi yake iko huko zinakopelekwa nyaya, akirudi anarudi na vumbi na nyimbo, wiki moja, kisha anaondoka tena. Mtoto angelelewa na nani? Mama mkwe, fundi cherehani wa miaka mingi, aliposikia, alifunika cherehani yake kwa shuka, akaikabidhi kwa jirani, akapanda basi. Hakuitwa. Alibisha hodi na begi moja na kusema, "Nimekuja, mwanangu. Wewe nenda kwenye wadudu wako."

Tangu siku hiyo Nusu hakujua nepi inafuliwa saa ngapi. Akirudi jioni, mtoto kaoga, kanona, ananukia vizuri, anamcheka bibi yake kuliko anavyomcheka mama. Na Jumamosi, Nusu akirudi kutoka mtoni kachoka, miguu imeganda, anakuta samaki mezani. Kambare mbichi wa jana yake, mchuzi mwingi, maana mama mkwe aliamini kuwa mzazi anayenyonyesha asipokula samaki maziwa yanakuwa maji matupu. Nusu, aliyeshinda wiki nzima akimtazama kambare kwenye tangi, alikuwa amemchoka huyo mnyama kufa. Alikula sahani nzima, akaomba nyingine. Ungefanyaje na wewe? Mtu amekuachia maisha yake.

Tatizo la mama mkwe lilikuwa moja, nalo familia nzima ililijua. Alikuwa mwepesi wa kuumia. Hakugombana wala hakupandisha sauti, bali alifunga virago. Kwa mtoto wake mkubwa aliondoka katikati ya chakula cha mchana, kisa mke wa yule kijana alichukua sufuria iliyokwisha kuoshwa na mama mkwe, akaiosha tena. Basi, hilo tu. Mama mkwe alinawa mikono, akaenda chumbani, akatoka na begi. Mpaka leo anakwenda kwao kwa salamu tu, halali.

Kwa hiyo Nusu alikuwa mwangalifu naye mno. Katika muda wote huo alitoa amri moja tu ndani ya nyumba, tena akaitoa kwa kubembeleza. Alikuwa na ndoo kubwa ya bluu ya kubebea mawe na maji ya mtoni. Kwa kuwa Jumamosi alikuwa anatokea nyumbani moja kwa moja, ndoo ililala uani. Alisema: "Mama, naomba ndoo hii isiguswe na sabuni. Hata povu dogo linaua wadudu." Mama mkwe akaitikia kwa kichwa, akasema ameelewa. Na kweli alielewa, kwa jinsi yake.

Ijumaa moja mafundi wa rangi walikuja kupaka korido ya chini, wakamwomba Nusu atoke wapitishe ngazi. Akakata tamaa na siku, akarudi nyumbani jua bado liko juu. Kabla hajafika mlangoni alisikia kicheko cha mtoto kutoka uani, kile kicheko cha mtoto kinachokufanya utake kujua kulikoni. Akazunguka nyumba.

Mama mkwe alikuwa amechuchumaa, kamshika mjukuu kwapani, anamwinamisha juu ya ndoo ya bluu. Ndani ya ndoo kambare wawili walikuwa wanazunguka, masharubu nje nje, na kila walipopiga mkia mtoto alipasuka kwa kucheka.

Nusu akashika ukuta. Mama mkwe akageuka, akafurahi kumwona, na akaanza kueleza bila kuulizwa, kwa sababu hakuwa na la kuficha. Kambare, alisema, ukimchinja siku ya kumnunua ananuka tope. Inabidi alale kwenye maji safi, atapike uchafu wote. Na chombo kisiwe na sabuni, samaki anaivuta kwenye nyama. Sasa nyumba nzima hii, ni chombo gani kisichojua sabuni? Ndiyo maana kila Ijumaa anaazima ndoo ya kazi, na alfajiri, kabla Nusu hajaamka, anawatoa, anaisuuza mara tatu kwa maji matupu, anaipangusa na kuirudisha palepale. Alisema hayo kwa fahari ya mtu aliyetunza cha mwenzake.

Nusu akajiuma ulimi. Ule ute wa kambare, utelezi usiotoka kwa maji peke yake, ulikuwa umekaa kwenye mikwaruzo ya plastiki wiki baada ya wiki, na kila Jumamosi yeye mwenyewe alijaza humo maji ya poromoko, yale maji yasiyowahi kumjua samaki, akayapeleka kwa wadudu wa kulia. Na wao wakanusa, wakaingia chini. Hawakukosea hata siku moja. Yeye ndiye alikuwa anawalaumu. Na amri ya sabuni ilikuwa yake, hakuna mwingine wa kuibebesha.

Akamwambia mama mkwe kwamba samaki ni wazuri. Akamchukua mtoto.

Jumatatu alimweleza msimamizi, na msimamizi, kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, alicheka. Akacheka mpaka akatoa miwani. Kisha akasema safi, umejua. Tupa ndoo, osha mifereji, anza upya. Muda upo, lakini umebana: itabidi aje kila siku mpaka mwisho wa muhula, Jumapili zikiwamo, asikose hata moja. Akauliza mtoto anakaa na nani. Na bibi yake, akajibu Nusu, na akili ikamwenda kwenye sufuria ya yule mke wa shemeji yake mkubwa.

Sasa hapo mtu mwenye busara angemkalisha mama mkwe chini akamwambia. Nusu aliogopa. Alinunua ndoo nyingine, nyeupe, akaificha chuoni, na kila Jumamosi akawa anazunguka kule kwanza kuichukua. Ya bluu akaiacha uani. Nyumbani akawa mtu wa maneno machache, anaingia anashika mtoto, anakula, anakwenda kulala, asije akateleza ulimi akamwaga mtama. Alijiambia anamlinda mama mkwe. Kule maabara mambo yakaanza kunyooka: kwanza mdudu mmoja juu ya jiwe la kulia, kisha wengine, na asubuhi moja alikuta safu nzima inakwangua, mikia mitatu mitatu inapepea kwenye maji. Nusu alilia pale, kwa soksi zake. Kisha akakumbuka kwamba hana wa kumwambia sababu.

Mama mkwe hakuwa kipofu. Alianza kwa kuuliza juu juu, Jumamosi moja asubuhi, siku hizi huendi na ndoo mtoni? Nusu, akiwa anafunga kamba za viatu, akasema ilipasuka kidogo. Uongo wa haraka haraka, hata yeye aliona ulivyo mwembamba.

Jumamosi hiyohiyo aliporudi, ndoo ya bluu ilikuwa katikati ya sebule, juu ya zulia, imejaa maji mpaka ukingoni. Mama mkwe alikuwa amekaa kitini mbele yake, mikono magotini, na mtoto amelala kwenye kanga pembeni. Hakukuwa na harufu ya chakula.

"Haivuji, mama mtoto," akasema. "Nimekaa nayo tangu umeondoka. Hata tone."

Kila alipomwita mwanangu, mambo yalikuwa mazuri. Alipomwita mama mtoto, mambo yalikuwa yameharibika. Nusu akaona begi nyuma ya kiti.

Hakupandisha sauti, kama kawaida yake. Alisema kwamba yeye ni mtu mzima na anajua mtu akikinai mkono wake. Alisema hana kinyongo, basi la mchana lipo, atafika kabla giza halijaingia vizuri, na maziwa ya mtoto yako kwenye jokofu. Nusu alimwona msimamizi mawazoni, chumba kisicho na dirisha, watu wa mabomba wakiingia na vifaa vyao. Lakini kilichomuuma zaidi, na jambo hili lilimshangaza mwenyewe, ni lile begi. Kwamba mtu huyu aondoke hapa akiamini amekinaiwa. Bora udaktari uende na maji.

"Nitakupeleka mwenyewe kituoni," akasema. "Lakini nakuomba, mama, tupitie kwanza kazini kwangu. Kuna kitu nilitakiwa nikuonyeshe siku nyingi. Ukishakiona, ukitaka kwenda, sikuzuii."

Mama mkwe akafikiri. Hakuwahi kufika huko. Akasema sawa, njia ni hiyohiyo. Wakapakia begi, mtoto, na ndoo ya bluu, maji yakamwagwa uani.

Chumbani chini, mama mkwe alivua viatu bila kuambiwa, alipoona Nusu amevua. Akapita mezani kushoto, akamwona kambare kwenye tangi, akamtambua, akamtazama Nusu kwa mshangao: na huku pia? Mawe ya kushoto yalikuwa matupu. Kisha Nusu akamleta kulia. Ilichukua muda kidogo macho yake kuwaona, kwa kuwa wana rangi ya jiwe. Alipowaona, akainama na mtoto mgongoni. Wanakula, akasema kwa sauti ya chini. Wanakula vizuri. Na hawa je, mbona hawana haraka? Hawana wasiwasi, akasema Nusu, wanajua hakuna samaki.

Halafu Nusu akafanya jambo ambalo hakuna msimamizi angemruhusu. Alitia maji ya poromoko, aliyoyaleta asubuhi hiyo, kwenye ndoo ya bluu, akayazungusha, akachota kikombe kimoja. Mfereji uliokuwa mbele yao ulikuwa mmoja wa mifereji yake mizuri, wenye wadudu watulivu kuliko yote, na akimimina humo ndiyo basi, wiki zote hizo hazihesabiki tena. Wala hakuwa na uhakika. Wazo la ute wa ndoo alikuwa amelitoa kichwani tu, hajalijaribu. Akamimina.

Maji yalikuwa angavu. Mama mkwe aliyanusa kikombeni kwa makusudi, akatikisa kichwa: hayana kitu.

Kwa muda hakikutokea chochote. Kisha mdudu wa karibu na mahali yalipoingilia maji akaacha kukwangua. Akatulia, mkia umesimama. Akateleza ubavuni mwa jiwe, akaingia chini. Wa pili akafuata, na wa tatu, na wale wa mbali mmoja mmoja kadiri maji yalivyowafikia, bila vurugu, kama watu waliokwisha kuzoea, mpaka mawe yakabaki na utelezi wake.

Nusu hakuthubutu kumtazama. Akaeleza akiwa anaangalia mawe. Akasema kosa ni lake, alikataza sabuni na hakusema kingine. Akasema hakukinai mkono wowote, alichokuwa anaogopa ni hili hili begi, na akaona bora adanganye. Akasema mambo mengine ambayo hakuwa ameyapanga, kwamba kila jioni anakaa kwenye gari anashukuru, kwamba hana mama mwingine, kwamba samaki wa Jumamosi alikuwa anamla mpaka mfupa si kwa njaa. Machozi yakamtoka, akayaacha.

Mama mkwe alikuwa bado ameinama juu ya mfereji.

"Wamemwona wapi?" akauliza.

"Hawajamwona, mama. Hayupo. Ni harufu tu."

"Na nilisuuza mara tatu."

"Hata ungesuuza kumi."

Mama mkwe akavuta stuli, akaketi taratibu, akamhamisha mtoto kutoka mgongoni hadi mapajani. Alipoanza kusema, hakusema habari za ndoo.

"Baba yake mumeo hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa mtu wa mkono. Alifanya kazi kiwanda cha ngozi, na harufu ile haitoki, hata aoge vipi. Jioni watoto wanacheza uani, mimi niko kwenye cherehani, nasikia makelele yao. Upepo ukigeuka ukaleta harufu, hata yeye hajafika kona, nasikia kimya. Nikitoka, uani hakuna mtu. Mumeo ndiye alikuwa wa kwanza kuingia chini ya kitanda. Mdogo kuliko wote, na ndiye alikuwa anaijua kabla ya wenzake."

Akamfuta mtoto mate kidevuni.

"Akafa. Nikamzika, nikasema, haya, watoto wangu sasa mtacheza. Koti lake la kazini nikaliacha msumarini nyuma ya mlango. Lilikuwa zima, nilidhani mkubwa atakuja kulivaa. Nililifua. Nililianika. Na miaka yote ile wanangu walikuwa wanapita mlangoni wamegandamana na ukuta wa pili, hawapigi kelele ndani, nikawa najiuliza, mbona hawa hawafurahi, mtu si amekwisha kwenda? Sikujua, mwanangu. Mimi mwenyewe nililiacha pale."

Nusu alisogea akapiga magoti karibu naye sakafuni. Alitaka kusema kwamba hakukosa, kwamba hakuna ambaye angejua, lakini mama mkwe alimwekea mkono begani na kumnyamazisha, kwa kuwa alikuwa hajamaliza.

"Nilipofika kwako, siku ile ya kwanza, mumeo alikuwa bafuni. Akaanza kuimba. Unaijua sauti yake, Mungu amsamehe. Mlango wazi, anaimba nyumba nzima inasikia, na wewe unamfokea unacheka. Niliingia chumba mlichonipa, nikakaa kitandani nikalia. Mwanangu yule sijawahi kumsikia akiimba. Sijui ulimfanyia nini. Wala sitaki unieleze. Nilitaka kukwambia asante, kila siku nataka kukwambia, sijui ninaanzia wapi. Nikawa nakwenda sokoni."

Nusu alilaza kichwa kwenye goti lake, pale palipobaki nafasi na mtoto. Alikuwa amefikiri siku zote kwamba shukrani ni yake peke yake, mzigo wake mtamu wa kubeba jioni kwenye gari. Kumbe mwenzake naye alikuwa na wake, mzito kuliko huo, na walikuwa wanapishana nao mlangoni kila asubuhi.

Mwishowe akanyanyuka, akafungua bomba la maji safi, akaanza kusafisha mfereji. Alifanya kazi hiyo kwa mkono mwepesi ingawa alijua wadudu wa humo hawahesabiki tena. Akatazama saa ya ukutani. Basi la mchana lilikuwa bado halijaondoka, na alikuwa ameahidi. Akauliza, kwa shida, kama awashe gari.

Mama mkwe hakugeuka. Alikuwa amemwinamisha mjukuu juu ya mawe matupu, anamwonyesha kwa kidole.

"Hawa wanatoka lini?"

"Harufu ikiisha. Na ikiisha wanakaa kwanza, wanahakikisha. Pengine kesho. Pengine keshokutwa, mama, siwezi kujua."

"Basi siondoki mpaka watoke," akasema mama mkwe, na akauliza kama humo ndani hakuna kiti chenye mgongo.